Bodi ya bei nafuu kwa lenzi za zamani: anza na kitazamio

Ukitafuta bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, ya kuvalisha lenzi za kufokasi kwa mkono, iwe Helios, Takumar, Canon FD au Minolta, usilipie kasi ya fokasi ya otomatiki. Hutaitumia. Megapikseli nazo zisikupotezee muda. 16 zinatosha, 24 ni ziada. Hela iende kwanza kwenye kitazamio, kile kidirisha unachoweka jicho, kisha kituliza mtikisiko na ukubwa wa sensa.

Kuhusu kitazamio, hapa Mwanza sina mjadala. Saa sita mchana pale soko la samaki la Mwaloni, jua la utosini na mwanga mwingine unaruka kutoka ziwani, skrini ya nyuma haisomeki. Utajuaje kama kilicho kwenye fokasi ni vidole vya mama anayegeuza dagaa au ni tenga lililo nyuma yake? Lenzi iliyofunguliwa hadi f/2 (namba ndogo ni tundu pana), ukiwa karibu, haikupi nafasi ya kubahatisha. Ndiyo maana Sony NEX-5N siipendekezi, pamoja na sensa yake nzuri na bei ya kuvutia: haikuja na kitazamio.

Kamera zisizo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless) zinakubali karibu kila lenzi ya zamani kwa sababu ya umbali kati ya mdomo wa bodi na sensa. Lenzi ya M42, yaani yenye mdomo wa skrubu kama Helios na Takumar nyingi, ilitengenezwa ikae milimita 45.46 kutoka kwenye filamu, ya Canon FD milimita 42. Kwenye Sony E, mdomo wa kamera za Sony zisizo na kioo, umbali huo ni 18 tu. Tofauti inajazwa na adapta, yaani bomba tupu la chuma lisilo na kioo wala waya: milimita 27.46 kwa M42, 24 kwa FD. Kwenye DSLR (kamera yenye kioo cha kuakisi) ya Nikon umbali ni 46.5, tayari umezidi. M42 ukiifunga pale bila adapta yenye lenzi ndogo ya kusahihisha, vitu vya mbali havitafokasi kamwe.

Adapta ndiyo inayowaliza wengi. Za bei ya chini mara nyingi hukatwa nyembamba kidogo kwa makusudi, ili lenzi ifike kwenye alama ya mbali kabisa na kuipita. Kasoro yake ni kwamba namba za umbali kwenye lenzi hazitakuwa za kweli, basi. Iliyo nene ndiyo mbaya. Ijaribu ukiwa Capri Point: fungua lenzi yote, lenga vilima vya ng'ambo ya ghuba, zungusha pete hadi mwisho. Ikigota na vilima bado vina ukungu, rudisha adapta dukani. Jiwe la Bismarck usilitumie kwa kipimo hiki, liko karibu mno na ufukwe. Kwa lenzi ya milimita 58, kitu kilicho mita 100 tayari kinahitaji lenzi isogee nje takriban milimita 0.03, hivyo adapta iliyo nene kwa kiasi hicho itaonekana nzima.

Kagua pia namna tundu la mwanga linavyofungwa. Lenzi nyingi za M42 zina kipini nyuma, kikibonyezwa ndipo tundu linafunga. Kama lenzi haina swichi ya A/M (otomatiki au mkono), chukua adapta yenye ukingo wa ndani unaokikandamiza, la sivyo utapiga f/2 siku nzima hata pete ikisema f/8. Adapta ya FD ina pete yake ya kufunga na kufungua, igeuze baada ya kuvalisha. Nikon za aina ya G hazina pete ya tundu kabisa, zinataka adapta yenye pete yake.

Sasa bodi. Sony a6000 ya 2014 ndiyo ninayoitaja kwanza kwa mfuko mdogo: kitazamio kipo, ni nyepesi, na kwa kuwa sensa yake ni ndogo kuliko filamu, Helios ya 58 inaona kama milimita 87, safi kwa picha za sura. Haina kituliza mtikisiko. Olympus E-M10 Mark II na Panasonic GX80 zinacho ndani ya bodi, lakini sensa yao ndogo zaidi inaikaza 58 iwe 116. Ukiwa ndani ya daladala au kibanda cha kukaangia samaki, utakwama ukutani. Anayeweza kuongeza hela anunue Sony A7 II: kituliza kipo, sensa ina ukubwa wa filamu, na lenzi inaona upana wake halisi. A7 ya kwanza ni rahisi zaidi ila haina kituliza. Kumbuka kituliza hakimtulizi mchukuzi anayekimbia na gunia wala mtumbwi unaoyumba. Hapo weka kasi ya 1/250 ya sekunde au zaidi.

Bodi za Sony zikigoma kupiga, tafuta kwenye menyu "Release w/o Lens" uiruhusu. Weka modi A (tundu unachagua wewe, kasi inachagua kamera) na ISO, yaani wepesi wa sensa kwa mwanga, ya otomatiki. Kwenye kituliza andika urefu halisi wa lenzi, 58, usizidishe. Rangi za kuonyesha kingo zilizofokasi ni za kukadiria tu, kwa f/2 zinapaka eneo pana mno; kuza picha ndani ya kitazamio, fokasi kope, ndipo upige.

Ziwa letu ni la maji baridi, hakuna chumvi ya kula chuma kama pwani, lakini unyevu unatosha kuotesha kuvu ndani ya lenzi. Kabla ya kununua, fungua tundu lote, mulika tochi ya simu kutoka nyuma na utazame kwa pembe: nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, na ikishakula rangi ya kinga kwenye kioo haisafishiki ikaisha. Nyumbani, zitunze kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana pamoja na vipakiti vya silika (punje za kunyonya unyevu), unyevu ukae chini ya asilimia 60. Mifuko ya ngozi itupe, inashika unyevu.

Bodi ya mtumba piga nayo karatasi nyeupe kwa f/16, fokasi ikiwa imeharibiwa kusudi. Madoa yenye ukungu ni vumbi, hupulizwa kwa pampu ya mkono. Mkwaruzo wenye mstari mkali uko kwenye kioo cha sensa. Muachie muuzaji kamera yake.