Si kila "-ing" ni kitenzi

Mzazi amenitumia kwa WhatsApp picha ya daftari la bintiye. Kalamu nyekundu imekata sentensi hii: "Her evening job, selling chapatis in Umoja, pays the rent." Pembeni mwalimu ameandika kwamba apositivu (maneno yanayoitaja nomino iliyotangulia kwa jina jingine) sharti iwe nomino, na "selling" ni kitenzi. Jamani! Nafundisha Kiingereza hapa Eastlands na kosa hili haliniishi mlangoni.

"Selling" hapo ni jerandi, na jerandi hufanya kazi ya nomino. Kirai chote, hadi "Umoja", kinaitaja kazi ileile kwa jina jingine. Mtoto arudishiwe alama zake.

Wanaolikubali hilo nao hukimbilia jaribio la "is": eti ukiweza kuipachika kati ya nomino na kirai, umepata apositivu. Hili ndilo linalonikera hasa. Chukua "Her sister, selling chapatis in Umoja, met a thief." Pachika "is": "Her sister is selling chapatis." Imekubali! Lakini umeunda tu wakati uliopo unaoendelea. Dada na kuuza si kitu kimoja. Kirai hicho ni partisipo, kinaeleza dada alikuwa akifanya nini. Afadhali ugeuze: "Selling chapatis is her evening job" inasimama, "Selling chapatis is her sister" ni kichekesho. Au futa nomino uone kama kirai kitaishika nafasi yake. "Selling chapatis in Umoja pays the rent," sawa kabisa. "Selling chapatis in Umoja met a thief"? Nani aliyekutana na mwizi hapo, unga?

Koma ni mbili kirai kikiwa katikati. Tusonge.

Sasa kuna mahali hata mimi hukwama: "She found work, selling chapatis." Je, "selling" ndiyo kazi yenyewe, au inamweleza huyo "she"? Tumebishana chumba cha walimu hadi kengele ikalia, na bado naona pande zote mbili zina hoja. Wanaisimu Huddleston na Pullum, katika sarufi yao ya Kiingereza ya Cambridge ya 2002, waliamua kuunganisha jerandi na partisipo kuwa umbo moja. Kwa umbo siwezi kuwapinga, maana "selling" ni ileile herufi kwa herufi. Ila darasani bado nazitenganisha, kwa sababu mwenye kalamu nyekundu hatauliza Pullum alisema nini.