Je, wajua kwa nini nyumba iliyopakana na soko hukosa chakula katika Caesar III?

Katika Caesar III, mchezo wa kompyuta wa kujenga miji ya Kirumi uliotengenezwa na Impressions Games na kutolewa mwaka 1998, kuna jambo linalomkabili karibu kila mchezaji katika saa zake za mwanzo. Amejenga soko, soko lina wafanyakazi wa kutosha, ghala la nafaka limejaa ngano, na bado nyumba ambayo ukuta wake umegusana na ukuta wa nyuma wa soko inalalamika kwamba haina chakula, ilhali nyumba iliyo mbali zaidi, upande wa pili wa mtaa, inakula vizuri na kupanda daraja, yaani kuwa nyumba bora zaidi. Mchezo hauonyeshi kwenye skrini hesabu yoyote inayoeleza tofauti hiyo. Mchezaji huambiwa kwamba nyumba inahitaji soko, naye anaona kwa macho yake kwamba soko liko pale pale.

Kwa muda mrefu jibu langu lilikuwa kwamba soko limezidiwa. Niliamini kuwa kila jengo la huduma lina duara lake lisiloonekana, kwamba nyumba zote zilizo ndani ya duara hilo huhudumiwa, na kwamba huduma hupungua pale watu wanapokuwa wengi kuliko uwezo wa jengo. Kwa hiyo nilijenga soko la pili karibu na la kwanza, kisha hospitali ya pili, kisha shule ya tatu, na kila nyumba iliposhuka daraja niliisogezea jengo jipya. Imani hiyo ilikuwa na makosa mawili. Kosa moja, yaani wazo la jengo kuzidiwa, lilikuwa dogo. Kosa la duara ndilo lililoharibu kila mpango niliouchora, nalo linastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu halitokani na uzembe wa mchezaji.

Linatokana na mchezo wenyewe. Huduma ya kwanza kabisa ambayo mchezaji hujifunza ni maji, na maji katika Caesar III hufanya kazi kwa duara kwelikweli: kisima huhudumia nyumba zilizo ndani ya eneo fulani kukizunguka, na chemchemi ya kujengwa, ambayo sharti iwe ndani ya eneo la hodhi, nayo huhudumia eneo lake bila mtu yeyote kubeba ndoo mlango hadi mlango. Somo la pili ni mvuto wa eneo. Bustani na sanamu huinua thamani ya ardhi inayozizunguka, majengo yenye kelele na harufu huishusha, na athari hiyo hufifia kadiri umbali unavyoongezeka. Baada ya masomo hayo mawili mtu huwa na kila sababu ya kuamini kwamba hospitali, shule na soko vinafuata kanuni ile ile, hasa ikiwa alikwisha kucheza SimCity ya mwaka 1989, mchezo mwingine wa kujenga miji, ambamo kituo cha polisi hueneza athari yake juu ya ramani kama joto linavyotoka jikoni. Mchezo unafundisha kanuni sahihi juu ya maji na bustani, kisha unamwacha mchezaji aitumie mahali ambapo haitumiki.

Ukweli ni kwamba soko, kama jengo, halihudumii nyumba hata moja. Lina watu wa aina mbili wanaotoka mlangoni mwake. Wa kwanza ni mnunuzi, ambaye huenda moja kwa moja hadi ghalani, huchukua chakula na kukirudisha sokoni. Yeye anajua anakokwenda. Wa pili ni mchuuzi, naye hana anuani ya nyumba yoyote. Hushika barabara, hutembea, na kila nyumba anayoipita hupata mgawo wake. Nyumba ambayo mchuuzi hakuipita haipati kitu, hata kama mtu angeweza kurusha jiwe kutoka dirishani mwake likatua juu ya paa la soko. Tabibu, kinyozi, kuhani, mwalimu na mhudumu wa hamamu hufuata utaratibu huo huo, na kadhalika mhandisi anayezuia majengo yasiporomoke, pamoja na prefekti, ambaye ni polisi na mzimamoto kwa wakati mmoja.

Tofauti hii ni kama ile iliyopo kati ya taa iliyotundikwa darini na mtu anayetembea gizani akiwa na mshumaa mkononi. Taa huangaza chumba chote kwa wakati mmoja, na anayetaka mwanga zaidi huisogelea. Mshumaa huangaza hatua chache kushoto na kulia mwa njia ya mwenye kuubeba, kisha giza hurudi nyuma yake, na mtu aliyeketi kwenye kona ambayo mshumaa haukuipitia hatafaidika kwa kuwa karibu na mlango ulikotokea. Katika Caesar III upana wa mwanga huo unajulikana: ramani imegawanywa katika miraba midogo, na mhudumu hufikia nyumba zilizo ndani ya miraba miwili kutoka barabara anayopita.

Sasa fumbo la nyumba iliyopakana na soko linajifungua kwa hesabu ya vidole. Soko lina ukubwa wa miraba miwili kwa miwili. Mchuuzi anapopita barabara iliyo mbele yake, miraba miwili ya kwanza kando ya barabara hiyo imejazwa na soko lenyewe, na nyumba iliyogusana na ukuta wa nyuma huanzia mraba wa tatu. Iko nje ya mwanga kwa mraba mmoja tu. Kama nyumba hiyo inatazama barabara nyingine upande wake wa pili, ni lazima mchuuzi azunguke hadi kwenye barabara hiyo ndipo imwone, na kama barabara hizo mbili haziungani karibu, nyumba hiyo itabaki na njaa ingawa inasikia kelele za soko.

Je, kwa nini basi mchuuzi asizunguke? Hapa ndipo ulipo utaratibu wenyewe, na kwangu ndio sehemu yenye uzuri zaidi katika mchezo huu. Mhudumu anayetembea kwa kubahatisha hachagui njia kwa kuangalia nani ana njaa. Barabara ikiwa moja, huifuata. Akifika njia panda, hushika tawi mojawapo bila kujali mahitaji ya watu wa tawi lile. Baada ya kutembea umbali wake, ambao kwa mchuuzi na wahudumu wengi wa Caesar III ni takriban miraba 26, safari ya kubahatisha huisha naye hurudi kazini kwa njia fupi kuliko zote. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Prefekti na mhandisi hutembea umbali mrefu zaidi kabla ya kugeuka, na hiyo ni sababu mojawapo inayofanya mtaa ukose shule kwa miaka bila kuungua hata siku moja.

Tuseme kati ya soko na nyumba fulani pana njia panda mbili, kila moja ikimpa mchuuzi matawi mawili ya kuchagua, na tuseme kila tawi lina nafasi sawa. Uwezekano wa safari moja kuifikia nyumba hiyo ni 1 kati ya 4. Ongeza njia panda ya tatu, nao unakuwa 1 kati ya 8. Safari nne mfululizo zinaweza kuikosa nyumba ile kwa uwezekano wa asilimia 32 hivi katika hali ya kwanza, na asilimia 59 hivi katika hali ya pili, ingawa umbali wa barabara haukubadilika hata kidogo. Hesabu hii ni ya kuelewea tu, isichukuliwe kama kanuni kamili ya mchezo, kwa sababu mwanzo wa safari si wa kubahatisha kabisa: jengo huwaelekeza wahudumu wake kwa zamu kwenye pande nne za dira, kila mmoja akianza kwa kuelekea barabara iliyo upande wake wa zamu ikiwa ipo na inafikika, na baada ya hapo ndipo bahati huchukua usukani. Hata hivyo mwelekeo wa jumla haubadiliki. Kila njia panda unayoiongeza hupunguza huduma, na mji wenye barabara nyingi zinazokatizana, ambao kwa macho ya mpangaji unaonekana kuwa rahisi kufikika, ndio unaohudumiwa vibaya zaidi.

Kosa langu lile dogo, la jengo kuzidiwa, linarekebishwa na kile kinachotokea ndani ya nyumba. Kila nyumba huweka hesabu ya kila huduma kwa namna ya mtungi uliotoboka. Tabibu akipita, mtungi wa utabibu hujazwa hadi juu mara moja, awe amehudumia nyumba tatu au mia tatu siku hiyo. Kisha huanza kuvuja polepole hadi apite tena. Chakula ni tofauti kidogo kwa kuwa nyumba hukiweka akiba na kukila, lakini nacho huisha. Ukame wa huduma moja hauonekani papo hapo, na hilo huwachanganya wengi: mtaa unaweza kustawi kwa muda kwa sababu ya bahati njema ya safari kadhaa, kisha mitungi miwili ikakauka pamoja bila mchezaji kugusa kitu.

Matokeo ya mtungi kukauka ni makubwa kuliko yanavyotarajiwa. Nyumba zina madaraja 20, kuanzia hema dogo hadi kasri la kifahari. Nyumba ikishuka daraja, idadi ya watu inaoweza kuwahifadhi hupungua, na waliozidi hutolewa nje na mikokoteni yao. Wakiondoka, mji hupoteza wafanyakazi. Jengo lenye upungufu wa wafanyakazi huchelewa kutoa mhudumu mwingine, kwa hiyo safari huwa chache, mitungi mingi zaidi hukauka, na nyumba nyingine hushuka. Nilipokuwa nikijenga soko la tatu kuokoa mtaa wa namna hiyo, nilikuwa nikigawa wafanyakazi wachache waliobaki katika majengo mengi zaidi. Si kwamba soko la ziada halina faida yoyote. Wachuuzi wawili hupita mara nyingi kuliko mmoja. Ni kwamba soko hilo halikugusa chanzo cha tatizo, ambacho kilikuwa umbo la barabara.

Umbo linalofaa ni mzunguko mmoja uliofungwa, usio na njia panda. Fikiria barabara inayozunguka na kurudi ilipoanzia, yenye urefu wa miraba 40, soko likiwa ukingoni mwake. Mchuuzi akitoka, hana mahali pa kuchagua. Hufuata mzunguko mpaka amalize miraba yake 26. Sasa anatakiwa kurudi kwa njia fupi, na kwa kuwa amekwisha kuvuka nusu ya mzunguko, njia fupi si ile aliyojia bali ni kusonga mbele miraba 14 iliyobaki. Huwahudumia watu wakati wa kurudi pia, kwa hiyo kila nyumba ya mzunguko ule hupitwa katika safari moja. Mzunguko wowote ulio chini ya miraba 52 hufungwa kwa namna hii. Ukizidi hapo, nusu ya mwendo haimaliziki, mchuuzi hurudi alikotoka, na upande wa mbali hubaki bila kitu. Siku nilipohesabu miraba ya mtaa wangu mmoja baada ya mwingine na kukuta kwamba ule ulioshindwa daima ulikuwa na urefu wa 60, niliona furaha ambayo ushindi wenyewe haujawahi kunipa.

Kuna mhudumu mmoja ambaye mantiki yake ni ya ajabu zaidi, naye ni mtafuta wafanyakazi. Kila sehemu ya kazi humtuma mtu huyu kupita mitaani, na watu wengi hudhani, kama nilivyodhani, kwamba anawachukua wakazi wa nyumba alizozipita. Hawachukui. Wafanyakazi wa mji wote ni hazina moja, na kupita kwake karibu na nyumba kunathibitisha tu kwamba sehemu ile ya kazi inafikiwa na watu. Ndiyo maana shamba lililo mbali kabisa na mji huweza kuendeshwa likijengewa vibanda vichache kando yake, hata kama vibanda hivyo havina watu wa kutosha kujaza nafasi zake za kazi.

Ufahamu huu ulipatikana kwa wachezaji kuhesabu hatua kwa subira, na baadaye kupitia mradi wa chanzo huria uitwao Julius, ulioandika upya programu ya Caesar III kwa kushika mantiki ile ile ya awali, kiasi kwamba mtu anaweza kusoma hatua kwa hatua jinsi mhudumu anavyoamua aende wapi.

Swali linalobaki ni jinsi ya kuunganisha mizunguko iliyofungwa na mji uliobaki, kwa maana muunganiko wowote ni njia panda. Caesar III haina kizuizi cha barabara. Wachezaji waligundua kwamba lango la ngome, jengo la kijeshi lililokusudiwa kwa ajili ya kuta, huwazuia wahudumu wanaobahatisha huku likiwapisha wote wenye mahali maalumu pa kwenda, yaani mnunuzi anayekwenda ghalani, mkokoteni wa mizigo na mhamiaji anayetafuta nyumba yake mpya. Wakaanza kuweka malango katikati ya mitaa ya amani. Pharaoh, mchezo wa Misri ya kale uliotolewa na watengenezaji hao hao mwaka 1999, uliwapa kizuizi cha barabara kinachofanya kazi hiyo hiyo bila kuhitaji ngome, na Augustus, mradi uliochipuka kutoka Julius, umekileta kizuizi hicho katika Caesar III yenyewe, ukimruhusu mchezaji kuamua ni wahudumu wa aina gani wapite na wa aina gani wageuke.