Kinga ya Mjamzito Hailali: Dhana Potofu Kuhusu Presha ya Ujauzito

Ipo kauli ambayo sisi wa kliniki ya wajawazito tumechoka kuisikia: kwamba mama amepanda presha kwa sababu kinga yake imeshuka, na kwamba akinywa unga wa mlonge au vidonge vya kuongeza kinga, presha itatulia.

Kinga ya mjamzito haishuki, bali hujipanga upya. Kwa kuwa nusu ya vinasaba vya mtoto imetoka kwa baba, seli za T (aina ya seli nyeupe za damu) zenye kazi ya kudhibiti kinga huongezeka ili mwili wa mama usimshambulie. Wakati huohuo seli za NK, aina nyingine ya seli nyeupe ambazo kwingineko huua seli zilizoambukizwa, hujaa kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi. Katika miezi ya mwanzo hufikia takriban asilimia 70 ya seli nyeupe zilizopo hapo. Kazi yake hapo si kuua, bali kusaidia seli za kondo la nyuma kupenya na kutanua mishipa ya damu ya mama. Mishipa hiyo isipotanuka vya kutosha, kondo hukosa damu na kumwaga katika mzunguko wa mama protini kama sFlt-1, zinazoharibu utando wa ndani wa mishipa mwilini kote, ndipo presha inapopanda na figo kuanza kuvujisha protini kwenye mkojo, hali tunayoiita dalili za kifafa cha mimba. Utafiti uliofanyika Hospitali ya Mulago, Kampala, na kuchapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba baadhi ya vinasaba vinavyoongoza seli hizo za NK huwakinga wanawake na tatizo hili.

Kazi hiyo ya kutanua mishipa hufanyika zaidi katika nusu ya kwanza ya ujauzito, muda mrefu kabla mashine haijasoma 140/90, kiwango cha kuhesabiwa presha ya juu. Unga unaonywewa mwezi wa saba utatanua mshipa gani? Kinachosaidia ni aspirini ya dozi ndogo, kwa idhini ya daktari, ikianzwa baada ya wiki ya 12 na ikiwezekana kabla ya wiki ya 16, kwa mwenye hatari kubwa: aliyewahi kupata dalili za kifafa cha mimba, mwenye mapacha, kisukari, ugonjwa wa figo au presha ya siku nyingi. Anayeanza kliniki mwezi wa tano ameshaikosa nafasi hiyo bora, na hili nitalirudia hadi nistaafu.

Kuacha chumvi kabisa hakuzuii ugonjwa huu. Ugomvi wa nyumbani si chanzo chake, hivyo mama mkwe aachwe apumue. Miguu kuvimba peke yake si ushahidi, na kujisikia mzima si kipimo, kwani presha ya 160/110 inaweza kukaa kimya.

Wapo pia wanaoamini kwamba kujifungua humaliza kila kitu. Kondo likitoka chanzo kimeondoka, lakini presha mara nyingi hupanda tena kati ya siku ya tatu na ya sita, na degedege huweza kumpata mzazi akiwa nyumbani, huku ndugu wakisema kichwa kinamuuma kwa kukosa usingizi. Mzazi mwenye maumivu makali ya kichwa, macho kuona ukungu au maumivu chini ya mbavu za kulia apelekwe kituoni siku hiyohiyo.