Msimulizi anayesita si msimulizi asiyeaminika

Msimulizi asiyeaminika ni yule ambaye maelezo au hukumu zake kuhusu anayoyasimulia zinapishana na msimamo wa kazi yenyewe ya fasihi, na msomaji akaachiwa dalili za kuligundua hilo. Maana yake ndiyo hiyo tu. Lakini siku hizi jina hili anabandikwa msimulizi yeyote ambaye hakusema yote mapema, na miongoni mwa wanaobandikwa ni mabinti waliobakwa. Hilo linanikera kweli.

Istilahi hii ilianza kwa Wayne Booth, mhakiki wa Marekani, katika kitabu chake The Rhetoric of Fiction cha 1961. Booth mwenyewe alitahadharisha kwamba kwa kawaida hapa hatuzungumzii uongo. Mfano wake mmoja ni Huckleberry Finn, msimulizi wa riwaya ya Mark Twain, kijana anayejiona mwovu wa kuzaliwa, huku mwandishi akimsifu nyuma ya mgongo wake. Huck anamsaidia Jim, mtumwa aliyetoroka, na anaamini kabisa kuwa kwa kosa hilo ataingia motoni. Hamdanganyi mtu. Anayoyaona ni kweli, ila anayapima kwa mizani ya jamii yenye utumwa.

Sasa mchukue Melinda, msimulizi wa Speak, riwaya ya Laurie Halse Anderson ya 1999. Ni binti anayeanza sekondari huku shule nzima ikimchukia kwa sababu aliwaita polisi kwenye sherehe ya kiangazi. Sababu ya kuwaita hatuelezwi mpaka kitabu kiwe kimesonga sana: alibakwa na Andy Evans, mwanafunzi wa madarasa ya juu. Hapo ndipo wengine wanasema, "Unaona? Alituficha. Haaminiki."

Lakini alificha nini? Tangu mwanzo midomo yake ina vidonda kwa kuitafuna. Andy akitokea, anaganda kama sungura aliyemwona mbwa. Mwanzoni hata jina la kijana huyo halimtoki. Anamwita "kitu" tu. Usiku ule wa sherehe alishika simu jikoni, polisi wakamuuliza ana shida gani, maneno yakagoma kutoka. Hivi ndivyo kiwewe kinavyofanya kazi: jambo analijua, mwili wake unalijua, kulitamka ndiko kunakomshinda. Dalili zote anatupa sisi wasomaji, tena kwa uaminifu, kwa kadiri anavyoweza kuzibeba.

Na riwaya yenyewe inasimama upande wake waziwazi. Melinda anapoandika kwenye ukuta wa choo cha wasichana kwamba Andy ni mtu wa kukaa naye mbali, wasichana wengine wanaandika chini yake kuthibitisha. Ndani ya hadithi hiyo, anayemwita mwongo ni Rachel, rafiki yake wa zamani, ambaye wakati huo anatoka na Andy. Melinda anamwandikia kwenye karatasi, maktabani, kwamba alibakwa. Rachel anamwonea huruma mpaka anaposikia mbakaji ni nani, kisha huruma yote inageuka hasira. Msomaji anayesema Melinda haaminiki amekwenda kuketi kwenye kiti cha Rachel, huku kitabu kikimwonyesha kwamba Rachel amekosea.

Kama kuna mahali Melinda anapishana na msimamo wa kitabu, ni pale anapojilaumu, anapojiuliza kama kweli ule ulikuwa ubakaji. Hapo ukitaka kutumia istilahi ya Booth nitakusikiliza, maana kosa lake linafanana na la Huck: anajihukumu vibaya kuliko anavyostahili. Kwa sehemu nyingine zote, mwite msimulizi anayesita, au msimulizi anayechelewa kutamka. Na mwanafunzi akiandika "asiyeaminika" kwenye insha yake, mwulize kwa upole: ni tukio gani katika kitabu linaloonyesha kwamba alichosema Melinda hakikutokea?