Senti moja kwa kila dola nane: nani analipia wanyamapori wa Missouri?

Ukitoka dukani na unga, mafuta na sabuni, popote pale katika jimbo la Missouri, umeshawalipia wanyamapori. Hata kama hujawahi kushika ndoano maishani mwako. Ndani ya kodi ya mauzo uliyokatwa mna fungu la Idara ya Uhifadhi: moja ya nane ya asilimia moja, yaani senti moja kwa kila dola nane. Chakula cha kwenda kupika nyumbani kimepunguziwa kodi ya jimbo hadi asilimia 1.225, lakini fungu hilo halikuguswa. Asilimia 1 huenda shuleni, 0.125 kwa uhifadhi, na 0.1 kwa hifadhi za jimbo na udongo.

Naanza na risiti kwa sababu wengi wetu tuliokulia Kongo au Tanzania tunaijua hifadhi kwa geti lake: unalipa kiingilio, unapewa tiketi, unaingia. Hifadhi za jimbo la Missouri hazina kiingilio, na familia nyingi hudhani ni mahali pa watu wengine. Si kweli. Mmeshalipa.

Mpango huu haukuja wenyewe. Mwaka 1925 kulungu waliobaki Missouri nzima walikadiriwa kuwa takriban 400. Mwaka 1936 wapiga kura walibadili katiba ya jimbo na kuunda tume ya makamishna wanne, wasiozidi wawili kutoka chama kimoja, ili wanyama wasiwe mtaji wa wanasiasa. Hata hivyo, kwa miaka 40 idara iliishi zaidi kwa leseni za uwindaji na uvuvi. Kasoro ya leseni ni kwamba pesa humfuata mnyama anayewindwa. Kulungu na bata mzinga wana watu wa kuwalipia. Bundi, chura na nyuki wa porini hawana. Novemba 1976 wananchi waliipigia kura kodi hii na ikapita kwa tofauti ndogo. Kwa kuwa imeandikwa katika katiba, bunge la jimbo haliwezi kuichota kwa matumizi mengine. Leo inabeba zaidi ya nusu ya bajeti ya idara, na kulungu wamepita milioni moja.

Wapo wanaosema kodi ya mauzo humuumiza zaidi mwenye kipato kidogo. Wana hoja, nami siipuuzi. Ndiyo maana inaniuma kuona mama anayelipa kila wiki hajui kwamba ziwa lililo karibu na nyumba yake linatunzwa kwa senti zake.

Hifadhi za jimbo zenyewe ziko chini ya idara nyingine, ya Maliasili. Kodi yake ilipitishwa mwaka 1984: nusu kwa hifadhi, nusu kwa kuzuia mmomonyoko wa udongo mashambani. Hii haina uhakika wa kudumu. Hurudishwa kwa wapiga kura kila baada ya miaka 10. Mwaka 2016 asilimia 80 hivi walisema ndiyo.

Kuna pia pesa za serikali kuu, na hapa leseni yako ina kazi ambayo wengi hawaijui. Tangu 1937 ushuru wa kiwandani wa bunduki ndefu na risasi, ambao leo ni asilimia 11, umetengewa wanyamapori, na tangu 1950 ule wa vifaa vya uvuvi umetengewa samaki. Makusanyo hugawiwa majimbo, kwa sharti kwamba ada za leseni zisitumike nje ya idara ya wanyamapori. Katika fungu la samaki, asilimia 60 hugawanywa kwa kuhesabu wenye leseni ya kuvua, na asilimia 40 kwa ukubwa wa eneo. Mkazi wa miaka 16 hadi 64 anatakiwa kuwa na leseni hiyo. Akienda mtoni bila leseni, mbali na faini inayomsubiri, Missouri inapungukiwa kichwa kimoja pale Washington inapogawa pesa.