Seti ya kurudishia pistoni ya breki za nyuma ni nini?

Pedi mpya za breki ni nene kuliko zilizolika. Kwa hiyo pistoni, ambayo imekuwa ikitoka kidogo kidogo kadiri pedi zinavyoisha, lazima irudishwe ndani ya kalipa (kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski), la sivyo pedi hazitapita kwenye diski. Kwa magurudumu ya mbele kazi hii haina maneno: unaibana kwa klampu tu, inaingia.

Nyuma ndiko kwenye kazi. Katika magari kama Volkswagen Golf ya kizazi cha 5, hendibreki imo humo humo ndani ya kalipa. Ukiivuta, waya unageuza mkono mdogo mgongoni mwa kalipa, nao unaisukuma pistoni. Ili hendibreki isilegee pedi zikilika, ndani ya pistoni kuna skrubu inayojirekebisha yenyewe. Ndiyo maana ukiibana kwa klampu inagoma, na ukilazimisha unaweza kuua hiyo skrubu ukajikuta unanunua kalipa nzima. Pistoni hii huingia kwa kuzungushwa huku ikisukumwa.

Seti inafanya yote mawili kwa pamoja. Ina mhimili wenye hesi, bamba la kuegemea na visahani vyenye pini. Tazama uso wa pistoni uone vishimo au mikato yake, chagua kisahani ambacho pini zake zinakaa humo bila kucheza, bamba liegemee upande wa pili wa kalipa, kisha zungusha taratibu. Seti kubwa huja na visahani zaidi ya kumi. Mwenye gari moja atatumia kimoja, basi sioni sababu ya kulipia sanduku zima.

Pistoni nyingi huingia kwa kufuata mshale wa saa, lakini zipo za kinyume, hasa za upande mmoja wa gari. Seti nzuri huwa na mhimili wa pili wenye hesi ya kushoto. Ukizungusha ukaona pistoni inatoka, acha hapo hapo. Angalia pia mpira wa kuzuia vumbi usijisokote.

Kabla ya yote hayo hendibreki huachiwa, kwa hiyo weka kabari kwenye matairi ya mbele na gari likae juu ya stendi, si jeki peke yake. Chungulia kopo la mafuta ya breki: pistoni ikirudi, mafuta hupanda, na yakimwagika yanababua rangi ya gari.

Gari lenye hendibreki ya kubonyeza kitufe ni habari nyingine. Mara nyingi mota yake hurudishwa kwanza kwa mashine ya kupimia gari, ile inayounganishwa na kompyuta ya gari, halafu pistoni husukumwa moja kwa moja bila kuzungushwa.

Ukishafunga kila kitu, kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu, gari likiwa bado limesimama. Ukikanyaga mara ya kwanza, pedali huzama hadi chini.