Je, wajua pikseli, ile nukta ndogo kabisa ya picha ya kidijitali, si lazima iwe mraba?

Niliwahi kunyofoa picha moja kutoka DVD ya harusi ya dada yangu, nikaifungua kwenye kompyuta. Bibi harusi alikuwa mwembamba kama mlingoti, keki ndefu kama mnara. Nikamsema sana mpiga video. Kumbe kosa lilikuwa langu.

DVD za mfumo wa televisheni wa PAL hubeba pikseli 720 kwa 576. Ili zijaze kioo kipana cha 16:9, kila pikseli hutanuliwa upana karibu mara 1.4 ya kimo chake. Programu yangu ilizihesabu zote kuwa miraba, picha ikabanwa. Hakuna kilichopotea, umbo lilisomwa vibaya tu.

“Lakini nikikuza picha naona vimraba!” Nami niliamini hivyo kwa miaka. Vimraba hivyo huchorwa na programu. Ndani ya faili mna namba tu za rangi, kila pikseli na zake. Mfikirie nahodha anayetia bildi, kamba ya kupimia kina, kila baada ya hatua kumi: pima 3, pima 4, pima 3. Hakuna atakayesema chini ya bahari kuna ngazi. Ukichora ngazi, ni mchoro wako. Ukiunganisha vipimo kwa mstari laini, ni mchoro wako pia. Mwamba uliojificha kati ya vipimo viwili ndio hasara ya kweli, na dawa yake ni kupima kwa karibu zaidi.

Umbo lina mchango wake, ila mdogo kuliko nilivyodhani. Mwaka 1957, Mmarekani Russell Kirsch aliingiza picha ya mwanawe mchanga kwenye kompyuta, pikseli 176 kwa 176, za mraba. Uzeeni aliujutia mraba huo, akapendekeza pembetatu na mistatili zinazofuata kingo za vitu. Kwenye picha yenye pikseli chache, shavu la mtoto hulainika kweli. Kwenye picha ya simu ya leo, sina hakika jicho lingeona tofauti. Fujifilm nao walitoa kihisi cha kamera chenye vinasa mwanga vya pembe nane mwaka 1999, lakini faili lilitoka na safu zilezile za kawaida.

Dondoshea tone dogo la maji kwenye kioo cha simu kinachowaka, pahali peupe. Utaona vidoa vyekundu, kijani na bluu. Kwenye simu nyingi zenye kioo cha aina ya OLED, vya kijani ni vingi kuliko vingine, na mraba huuoni.